Kura Iliyopita Chini ya Kamba ya Nguo

Wiki jana niliwaacha uani mwa hoteli, mimi na ndoo yangu ya nguo mbichi, mume wangu kajibanza nyuma ya tangi la maji. Wengi mmeniuliza kama kweli nilizianika zile sketi. Nilizianika. Laiti ningejua. Ila msinihukumu bado, nisikilizeni kwanza.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo tu, nimfungulie kidogo. Naitwa Rosalini. Mume wangu, Selwyn Laufanua, ni mwalimu wa shule ya msingi aliyegombea ubunge bila chama, akashinda kwa kura chache mno, hata sisi wenyewe tulipigwa na butwaa. Uchaguzi ulipokwisha hakuna upande uliopata viti vya kuunda serikali. Na huku kwetu Visiwa vya Solomoni, ikifika hapo, mbunge harudi nyumbani. Kila upande unakodi hoteli yake hapa Honiara, unawakusanya watu wake, unawalisha na kuwalinda getini hadi siku ya kumchagua waziri mkuu, asije mmoja akahamia upande wa pili. Hiyo ndiyo kambi. Unaingia kwa miguu yako mwenyewe, kutoka ni shughuli nyingine.

Sisi tuliingia kambi ya mzee Dickson Haluta, anayeutaka uwaziri mkuu kufa na kupona. Aliyetuingiza ni kaka yangu, Jemuel, mkuu wa walinzi wa Haluta. Selwyn angekataaje? Shemeji hakataliwi. Na Haluta alipouliza nani anamdhamini huyu mwalimu, Jemuel alisimama mbele ya wanaume wote, akaapa kwa jina la babu yetu aliyezikwa kule mlimani Malaita.

"Vizuri," Haluta akamwambia. "Akitoka humu, utakayejibu ni wewe."

Nilimwona mtu aliyekuwa mkuu wa walinzi kabla ya Jemuel. Alimpoteza mbunge mmoja, naye akajibu. Sasa hivi anakula uji kwa mrija. Basi mjue nilichokuwa nakiogopa.

Kisha siku mbili kabla ya kura, mezani, Haluta akaropoka. Akishaapishwa, alisema, mlima wetu ataupa kampuni ya magogo. Mlima ule ule. Selwyn alipewa ubunge kwa neno moja tu, kwamba msumeno hautapanda mlima ule yeye akiwa hai. Tangu hapo mume wangu hakumeza kitu. Na msiniambie kura ni ya siri. Kambini kila mbunge ameelekezwa namna ya kuandika alama yake, huyu hivi, yule vile, ili karatasi zikihesabiwa ijulikane nani ni nani. Pande mbili zimelingana sawasawa. Mtu mmoja akihama, Haluta hana serikali, na mtu huyo hana budi kuhama kabla ya asubuhi ya kura.

Nilikuwa nataka jambo moja tu. Mume wangu atoke, na kaka yangu asiguswe.

Nikapata njia, au nilidhani nimeipata. Jemuel angemaliza zamu saa nane mchana, amkabidhi kambi Zobule, mtu wa visiwa vya magharibi. Kabla ya kukabidhi huwa anapita chumba kwa chumba, halafu anamwambia Haluta, "Wote wapo." Akishasema hivyo na kuondoka zake, atakayekosekana baadaye ni mzigo wa Zobule. Kwa hiyo nilihitaji Selwyn atoke mapema, na Jemuel asijue mpaka zamu ipite. Zobule simjui, Mungu anisamehe, sikumfikiria.

Haya, sasa turudi uani.

Nyuma ya chumba cha kufulia kuna njia nyembamba inayokwenda kwenye mlango wa kutolea taka. Mlango ule ulikuwa na walinzi wawili, vijana wa kwetu, Wamalaita, wanaoniita dada. Nikaifunga kamba toka nguzo hadi ukutani, ikakata njia yote. Nikaanza kuanika. Sketi ya bluu, ya maua, ya kanisani. Halafu zile nguo nyingine ambazo mwanamke hawaonyeshi wageni.

Sikuwaambia kitu. Sikuhitaji. Kwetu mwanamume hapiti chini ya nguo ya mwanamke, afadhali aruke moto. Akipita, nguvu zake zimekwisha, jina lake limekwisha, na ndugu zake watadai fidia mpaka wajukuu.

Mmoja wao akaangalia pembeni, akakohoa. "Dada, si ungetafuta mahali pengine?"

"Pengine hakuna jua," nikamjibu.

Wakanong'onezana, wakachukua tambuu yao, wakazunguka hadi kivuli cha upande wa mbele. Kwao mlango ulikuwa umeshafungwa, kwa kufuli kubwa kuliko lolote. Nani angepita pale?

Nikamwita Selwyn. Akatoka nyuma ya tangi, akafika kwenye kamba, akasimama. Nilijua atasimama. Na yeye ni Mmalaita.

"Rosa, hapa siwezi."

"Utaweza."

"Baba yangu angekuwa hai, angenitemea mate. Nikipita hapa nitakuwa nani?"

Ndugu zangu, mimi ni mwoga. Nawaambia waziwazi. Lakini woga wangu nao una ulimi. Nikamwambia, "Watu walikuchagua uulinde mlima. Hawakukuchagua ulinde kichwa chako kisipite chini ya sketi. Ukibaki, kesho utaandika ile alama, utarudi kijijini, mama yako atakuuliza. Utamjibu nini?"

Akafumba macho, akainama, akapita. Sketi ya kanisani ilikuwa bado inachuruzika, maji yakamdondokea utosini. Alipotokea upande wa pili alikuwa analia, mwanamume mzima, bila sauti. Nilitamani kumkumbatia nikaogopa kumchelewesha.

Nje ya mlango binamu yake alikuwa anangoja na gari la kambi ya pili. Wao walikuwa wameniahidi, kupitia binamu huyo, kwamba watamficha. Hata kivuli chake hakitaonekana mpaka kesho asubuhi Ikulu ya Gavana, wakati wa kupiga kura. Nilimwapisha binamu mara mbili. Akaapa mara mbili, akicheka.

Sikukipenda kile kicheko.

Nikarudi chumbani. Nikapanga mito kitandani, nikafunika blanketi, nikaona ni upuuzi, nikaipangua, nikaipanga tena. Feni ilikuwa inalia juu ya kichwa changu, na kila ikilia nilidhani mtu kabisha hodi. Kwa muda ule mfupi nilizeeka.

Kisha hodi ya kweli ikabishwa, na nikaijua. Kaka yangu anabisha kwa kucha, polepole, tangu utoto.

Nikafungua kidogo tu. Jemuel alikuwa amesimama mbali na mlango, hatua nzima nyuma, uso kaugeuzia kando, kama inavyompasa. Kaka kwetu hachungulii anapolala dada yake. Haingii. Hata nyumba ikiungua atasimama nje aite watu. Nimekua na Jemuel nyumba moja, na hajawahi kukanyaga nilipotandika mkeka wangu.

"Dada, habari za mchana."

"Salama, kaka."

"Zamu yangu inakwisha. Shemeji yupo?" Jina la shemeji yake halitaji, na halijapata kutoka mdomoni mwake.

Hapa ndipo mnaponiona mbaya. Ningeweza kusema yuko bafuni. Ningesema bafuni, angesubiri, mwanamume mvumilivu yule. Nikalitafuta neno litakalomfukuza, nikalipata.

"Yupo kitandani, kaka," nikasema. "Ndiyo kwanza tumelala."

Uso wake ukaiva. Akarudi nyuma hatua mbili tatu, akajikwaa kwenye chungu cha maua, akainamisha kichwa. Mtu mwingine yeyote angecheka. Mimi sikuweza. Neno kama lile halisemwi mbele ya kaka, na nilimtupia makusudi kwa sababu nilijua hatauliza la pili.

"Nisamehe, dada," akasema. Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Akaondoka haraka. Nikamsikia kwa mbali anamwambia Haluta, "Mzee, wote wapo." Sauti yake ilikuwa thabiti. Kwa nini isiwe thabiti? Dada yake amemwambia.

Nikakaa chini sakafuni nikacheka peke yangu, kile kicheko cha mtu aliyekoswakoswa na gari. Nikajiambia, imekwisha. Atachukua mfuko wake, atakwenda zake kwa mkewe kule Bondeni, na usiku huu mimi nitajifanya kuamka na kukuta mume hayupo. Nililia vizuri shuleni kwenye maigizo, ningelia vizuri na leo.

Nikanawa uso nikashuka kunywa chai na wenzangu. Nikikaa chumbani muda mrefu, nilifikiri, watanishuku. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wabunge wanatafuna mihogo ya tui, wake zao wanajipepea, Haluta kakaa katikati kama bwana harusi. Nesta, mke wa mbunge wa Isabel, akanivutia kiti. Nesta ana moyo mzuri na mdomo usio na kufuli.

"Mwalimu wako yuko wapi? Chai inapoa," akauliza, na nusu ya ukumbi ikasikia.

"Kalala. Kichwa kinamuuma."

"Wanaume na vichwa," Nesta akasema, wanawake wakacheka, na hata Haluta akatabasamu. Nikanyanyua kikombe kwa mikono miwili kisimwagike.

Nimekifikisha mdomoni tu, jikoni mtu akaongeza sauti ya redio. Ilikuwa taarifa ya habari. Mtangazaji alikuwa anahema kama aliyekimbia. Alisema kambi ya pili sasa hivi imetangaza kwamba ina wabunge wa kutosha kuunda serikali, na kwamba aliyejiunga nao mchana huu yuko pale pale, mbele ya kipaza sauti.

Nilimwomba Mungu awe mwingine yeyote.

"Mimi, Selwyn Laufanua," ikasema redio. Ni sauti yake, ile ya darasani, inayotetemeka kidogo mwanzo kisha inakaa sawa. Akataja mlima. Akasema hawezi kuuza kilichomtuma. Nyuma yake watu wakapiga makofi na kuimba, na katikati ya kelele zile nikakisikia kicheko cha binamu.

Hawakumficha hata alasiri moja. Walimtaka redioni ili wanyonge wa kambi yetu waogope na kuhama. Maisha ya kaka yangu hayakuwa hesabu yao.

Nesta aliniangalia, mdomo wazi na hauna neno, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Haluta hakupiga meza, hakupaza sauti. Aliufuta mdomo wake kwa kitambaa, akakikunja, akakiweka kando ya sahani.

"Nani aliniambia wote wapo?" akauliza.

Wote walijua ni Jemuel.

"Huyu hakuzembea," akasema taratibu. "Mtu aliyezembea hubabaika anapokabidhi. Huyu alisimama mbele yangu, akanitazama, akadanganya. Aliapa kwa babu yake, kumbe alikuwa amekwisha kumtoa shemeji yake." Akamgeukia Zobule. "Yuko wapi?"

"Getini, mzee. Alikuwa anaaga vijana."

"Mleteni."

Nikataka kusimama niseme. Nawaapia. Niseme ni mimi, Jemuel hakujua, mimi ndiye niliyemdanganya kwa maneno ya aibu. Sikusimama. Haluta akaniona ninavyohangaika, akanitazama kwa upole ulionitisha kuliko ukali wowote.

"Nenda chumbani ukapumzike, mama," akaniambia. "Wewe hatuna neno nawe. Neno letu ni kwa aliyeapa."

Nikaenda. Ndiyo, nilikwenda. Nilitembea kama mtu anayetii, nikapanda ngazi, nikaingia, nikafunga mlango nisijue kama nimeufunga kwa ufunguo au la. Huko chini nikasikia watu wanakimbia kuelekea getini, kisha mmoja akapiga kelele kwamba hayupo, kapita upande wa jikoni, mfuko wake umebaki pale. Nikasema, kimbia, kaka. Ruka ukuta. Ingia baharini ukibidi. Nikakumbuka ukuta una vijana pande zote, na mlango wa taka tayari walikuwa wanaupigia kelele. Sketi zangu walishazikata kwa panga, nilizisikia zikichanika.

Nikakaa kitandani, mgongo kwa mlango, nikaanza kusali, na sala yenyewe sikuimaliza.

Kucha zikakwaruza mlango. Polepole.

Nikageuka. Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka, na kaka yangu akawa amesimama kizingitini, jasho linamtiririka, shati limechanika begani. Macho aliyainamisha chini hata wakati ule. Akavua viatu. Sijui kwa nini alivua viatu. Akavibana kwapani, akaangalia ule mstari ambapo zulia la kibarazani linaishia na chumba changu kinaanzia.

Kisha akauvuka.

Mimi ndiye niliyetoa mlio, si yeye. Kama ningemwona babu yetu anashuka mlimani nisingeshtuka vile. Akafunga mlango nyuma yake, akaegemea ukuta, meno yanagongana.

"Humu hawatanitafuta," akasema. "Vijana wote ni wa kwetu. Hakuna hata mmoja atakayefikiri ningeweza."

"Kaka..."

"Usiseme kitu. Sitaki kujua nani alimtoa shemeji. Ukiniambia nitajua, na nikijua nitaulizwa." Akajifuta uso kwa kiganja. Kisha, kwa sauti yake ile ya utotoni, "Nifiche, dada."

Chumba kile hakina kabati la kumtosha mtu. Bafu halina mlango, lina pazia tu. Kitanda nacho kimezibwa kwa mbao hadi sakafuni. Tukatazamana, na huo nao ni mwiko, kutazamana vile. Kulikuwa na mahali pamoja tu, na mahali penyewe nilishapapanga kwa mito tangu mchana.

Nikafunua blanketi.

Akatikisa kichwa, hapana, hapana, machozi yanamtoka. Nyayo zikasikika ngazini. Akalala. Mwanamume asiyewahi kukanyaga mkeka wangu akalala alipolala mume wangu, akajikunja akageukia ukutani, nikamfunika hadi kichwani. Nikakaa pembeni yake kitandani nikitazama mlango. Nikawasikia vijana wa kwetu wanafika kibarazani na kusimama. Mmoja akasema kwa heshima, "Humu ni kwa dada. Twende." Wakaanza kushuka, na nikapata pumzi.

Jozi moja ya nyayo haikushuka.

Nilikuwa nimemsahau Zobule. Yeye ni wa magharibi, miiko yetu haimkamati. Hakuja mlangoni. Alitembea kando ya kibaraza hadi dirishani, pale pazia lisipofika mwisho, na vioo vilikuwa vimefunguliwa kwa sababu ya joto. Nikaona vidole vyake vinashika ukingo. Nikafuata macho yake yanakotazama, nikaona alichokiona. Blanketi la hoteli ni fupi. Mguu mmoja wa mwanamume ulikuwa umetokeza, kisigino chenye vumbi.

"Mama Laufanua," Zobule akasema taratibu, karibu kwa huruma, "samahani kukusumbua. Mumeo tumemsikia redioni, na bado anaongea, hata sasa sauti yake inatoka jikoni. Sasa kabla sijamwita mzee Haluta, niambie. Huyo aliyelala kitandani kwako ni nani?"

Nikisema ni mwanamume wa nje, ndoa yangu imekufa, na Selwyn huko aliko ataambiwa kabla jua halijatua. Nikisema ni kaka yangu, watamshusha ngazi, na atakapokuwa ameshajibu kwa Haluta, watu wetu wenyewe hawatamzika mtu aliyelala kitandani kwa dada yake. Zobule alikuwa anangoja. Hakuwa na haraka.

Chini ya blanketi kitu kikasogea. Mkono wa kaka yangu, ambao haujapata kugusa nguo yangu tangu tulipozaliwa, ukatoka polepole ukashika pindo la sketi yangu, ukang'ang'ania.